Hana na Kana

Riyadh, 9 Februari 2018

Ami yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya mama nayo imo humu humu, kutoka kwetu Pemba, Micheweni. Kila Ijumaa hunipigia simu, na kabla hajauliza hali yangu huuliza kama shemeji yake Shaame yungali hai. Namwambia yuhai, ila simu haisikii, ndiyo maana twaandikiana kama watu wa zamani. Mwanangu Yassir amepata kazi ya ualimu Wete na anataka kuoa. Mchumba ni wa Makunduchi, kule kusini ya Unguja, na mama amekwisha kununa, eti watu wa kule wana maneno yao. Binti mwenyewe nimemwona kwenye picha, ana uso wa upole.

Anayekuletea barua hii ni Protus, yule dereva Mkenya anayekaa ghorofa ya chini kwako hapo Al-Baghdadiyah. Bosi wake ana nyumba mbili, Jeddah na huku, na hamwachi apumzike. Mpe chai.

Sasa jambo lenyewe. Mkataba wangu wa uuguzi kwenye kliniki hii unakwisha Novemba na kafili, mdhamini wangu, hataki kuufanya upya, anataka wauguzi vijana. Bila ikama, hicho kibali cha kukaa huku, narudi nyumbani, na nyumbani hakuna kinachoningoja ila paa la mama linalovuja. Lakini yuko Bwana Misfer, mwenye ofisi ya kuleta wafanyakazi wa ndani. Wasichana wake wote hupimwa kwetu. Ameniambia, "Baki na mimi, nitakuandikia ikama mpya. Kazi yako kusikiliza tu."

Anasema wasichana wanakuja na majina ya kuazima. Mtu anaitwa Halima, kumbe ni Keziah wa bara, amefundishwa Fatiha uwanja wa ndege. Madam wa Al-Malqa, mtaa wa matajiri, wanataka Waislamu wa pwani au wa visiwani, na wakigundua wamepewa mwengine wanamrudisha kama kitambaa kilichopauka. Kwa hiyo anataka nizungumze nao wakati nawatoa damu, kisha nimwambie: huyu wa pwani, huyu wa bara, huyu anadanganya.

Mama siku zote husema una sikio la ajabu, mtu akitamka maneno mawili wewe unataja mpaka kijiji chake. Nifundishe, ami. Unasikiliza kitu gani khasa?

Mwana wa ndugu yako,
Mwatime Faki


Jeddah, 4 Machi 2018

Mwanangu Mwatime,

Nimepata barua na zile tende. Tende nimempa Protus, maana meno ya kuzitafunia sina tena, na alizila zote mbele yangu akisema, "Mzee, hizi ni moto." Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linamsikia anayenipigia kelele kwa karibu, na katika jengo hili anayekubali kunipigia kelele ni yeye peke yake. Figo ndizo zinazonimaliza. Mkojo wangu una harufu ambayo mwenyewe naigeuzia uso. Nakwambia haya kwa kuwa wewe ni muuguzi na umezoea.

Mwambie Yassir aoe. Na mama yako mwambie anyamaze.

Wiki iliyopita alifariki mtu wetu mmoja, fundi saa, na khitma yake ikasomwa nyumbani kwa mwanawe, Al-Rawdah. Protus alinipeleka, akabaki nje kwenye gari. Tulipokwisha kusoma sinia zikaletwa, na bila mtu kusema neno, watu wa Unguja wakakaa upande wa kiyoyozi, Wapemba wakakaa upande wa mlango. Mwenye nyumba akatania, "Wapemba waacheni hapo hapo, wamezoea kusafiri." Wakacheka, na Wapemba wenyewe wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kiyoyozi kama ninavyokaa siku zote, kwa maana hapa Jeddah hakuna anayejua kwamba nimezaliwa Micheweni, wala marehemu mke wangu hakujua. Nikacheka nao.

Kisha mzee mmoja wa Mombasa akauliza, "Na yule wa bara mliyemwacha kwenye gari?" Akajibiwa, "Mtilieni kwenye mfuko. Huyo hata mifupa ataitafuna." Tonge nililokuwa nalo mdomoni nililitema kwenye kitambaa. Ule wali ulikuwa mzuri, lakini sikuweza kuumeza.

Njiani nikamsimulia Protus habari ya mlango na kiyoyozi. Akapiga kelele ili nisikie, "Kumbe nyinyi watu wa kisiwani mko na bara yenu ndogo huko huko?" Alicheka mpaka akapita taa nyekundu. Na ujue muuza duka wa hapa chini hutuita sote sadiki, yaani rafiki, mimi na Protus na yule Mbangali anayefagia. Hajui Unguja wala Pemba, na hana haja ya kujua.

Ule ubaya tuliurithi kwa serikali ya hofu, ile ya baada ya mapinduzi. Serikali ilikwisha kufa siku nyingi, vyama vikawa vingi, magazeti yakawa mengi, nasi tunauramba ule ubaya kama makombo.

Kuhusu ile kazi, usiifanye. Usiniulize nilikuwa nasikiliza nini. Rudi nyumbani ukazibe paa.

Ami yako,
Shaame


Riyadh, 22 Aprili 2018

Ami,

Nashukuru kusikia unatembea bado, na figo zako nimezizungumza na daktari wetu. Punguza chumvi, na maji unywe kidogo kidogo. Ndoa ya Yassir imepangwa baada ya Idi. Mama amekubali, kwa sharti kwamba mkwewe asipike siku ya kwanza.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hukunipa sababu. Kama unaona kazi ni chafu, mimi kutwa nashika mikojo ya watu. Ungeniambia dini inakataza ningekusikiliza. Ungeniambia unaumwa na unanitaka Jeddah ningekusikiliza vile vile. Ulichonipa ni hadithi ya sinia.

Basi nimeanza. Nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na nadhani lile sikio limo katika damu. Nina karatasi yenye picha za vitu vya jikoni, naiweka mbele ya msichana huku natafuta mshipa, namwuliza hiki nini, na hiki nini. Kwenye lile tunda jekundu la mchuzi, wa kwetu anasema tungule. Wa Mombasa, tungule. Wa bara, hata umfunike baibui mpaka vidoleni, anasema nyanya.

Wiki jana alikuja mmoja, paspoti inasema Mwanaisha. Salamu anazo, Fatiha anayo, kuliko mimi. Kafika kwenye picha akaniambia, "Hiyo ni nyanya, madam." Nikamwuliza kwa sauti ya chini jina la nyumbani kwao. Akaanza kulia. Anaitwa Nyambura, anatoka Murang'a, wakala wa Nairobi ndiye aliyemnunulia jina. Akasema, "Tafadhali usiwaambie, nimeacha mtoto." Nilimwonea huruma, ami, mimi si jiwe. Lakini Bwana Misfer alikuwa mlangoni, na kama si mimi angelitafutwa mwengine. Ile nyumba ya Al-Malqa imempata msichana wa Tanga. Nyambura wamemrudisha kwenye bweni la ofisi mpaka apatikane mwajiri asiyejali.

Bwana Misfer ananiita daktari wa ndimi. Sikufichi, nilifurahi. Tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa kuna kitu nakijua mimi tu.

Mwatime


Jeddah, 5 Juni 2018

Mwatime,

Ramadhani hii sifungi, daktari amenikataza. Nakula mchana ndani ya chumba kilichofungwa, kama mwizi. Nimetoka hospitali, wameniambia maneno mazuri ambayo daktari humwambia mtu asiyerudi tena. Protus ananiletea uji. Anasema ni wa mama yake, lakini najua anaupika yeye.

Barua yako ilinitia kichefuchefu cha kweli, nikaenda kutapika. Si kwa ajili yako. Nilisoma mahali ulipoandika kuwa ulifurahi, nikajiona mimi mwenyewe nina umri wa miaka thelathini na kitu, nimevaa shati jeupe, nimekaa bandarini.

Umeniuliza nilikuwa nasikiliza nini. Nilikuwa nasikiliza herufi moja.

Miaka ile ya hofu mtu wa Pemba hakuweza kuingia mjini Unguja bila kibali, na vibali havikutolewa. Watu wakawa wanakuja na karatasi za kuazima na kujifanya wenyeji. Pale bandarini ilikuwako ofisi ya kuwachambua, na afisa wake hakuweza kuwatenga, maana sura ni moja, dini moja, majina yale yale. Akatafuta mwalimu wa skuli mwenye sikio. Wakamletea mimi, kijana wa Kiunguja safi. Hawakujua kuwa nilijifunza Kiunguja hicho kwa kujipiga makofi mdomoni kila nilipokosea.

Unajua kwetu tunasemaje. Mjini mtu akiwa mikono mitupu watasema hana kitu. Sisi tunasema kana kitu. Hajui, kwetu kajui. Mtu anaweza kubadilisha maneno yote, tunda, chombo, jina la samaki, lakini ile k hukaa chini kabisa ya ulimi, na hutoka anapochoka au anapoogopa. Mpemba pekee ndiye anayelijua hilo, na aliyewaambia ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha kuwa hodari kiasi kile. Nilichora ubaoni mwanamke ameinua viganja vitupu. Afisa anauliza, "Huyu ana nini?" Mtu anajibu. Mimi nimekaa pembeni na kipande cha chaki. Nikisikia hana, ninatulia. Nikisikia kana, ninagonga meza kwa chaki mara moja. Anayegongewa anatolewa kwa mlango wa nyuma.

Mnajua nyumbani kwamba baba yako Faki alizama alipokuwa akivuka kuja kunitafuta. Hakuzama. Alifika.

Mama yetu alikuwa anakata roho na alinitaka mimi. Faki akaja kunichukua, nawe ukiwa bado tumboni. Nilimwona kwenye foleni kabla hajaniona. Alipofika mbele akaulizwa, "Huyu ana nini?" Akajibu, "Hana kitu," kwa Kiunguja kilichonyooka, kwa sababu utotoni mimi ndiye niliyemfundisha, tukicheza michezo ya kuwaigiza watu wa mjini. Nilitulia. Karatasi yake ikachukuliwa ipigwe muhuri.

Ndipo afisa akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema kwa mzaha, "Mwalimu, pua zenu zimetoka kiwanda kimoja. Ni wa kwenu huyu?"

Nikasema, "Simjui."

Akamgeukia. "Unasikia? Mwalimu hakujui. Wewe je?"

Faki hakuwa na hasira. Nilimwona akinielewa. Alitaka kunisaidia, alitaka afisa aniamini, akasema haraka, "Kweli, bwana. Kanijui."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipodanganya miaka yote, hata mbele ya Mungu. Nimekuwa nikisema kwamba ulimi wake ndio uliomtoa. Si kweli. Yule afisa hakuwa na sikio. Kwake kana na hana ni kelele moja, ndiyo maana aliniajiri. Alikwisha kunyanyua muhuri. Angempitisha.

Chaki yangu iligonga meza.

Sikukusudia na sikuzuia. Mkono ulijua kazi yake na ulikuwa unajisifu nayo. Faki aliusikia ule mlio wa chaki, akanitazama. Walimtoa kwa mlango wa nyuma.

Mwaka uliofuata nikatoroka kupitia Mombasa, nikaja huku, nikawatafsiria mahujaji na mawakala wa meli. Watu walisema mzee Shaame mcha Mungu, hana makuu. Nikaendelea kukaa upande wa kiyoyozi. Katika Kiswahili cha vitabu neno kana ni amri: kataa ulichokijua, sema hukukijua. Nimeitii mpaka uzee huu, mate yakinijaa mdomoni nisipate pa kuyatema.

Mungu akitaka kunihukumu, ni haki yake. Wewe waachie wale wasichana maneno yao. Ikama itakwisha na utakula mihogo nyumbani, na ukila utaimeza.

Shaame


Jeddah, 10 Septemba 2018

Mwatime,

Protus anasema barua alikupa mkononi siku mbili kabla ya Idi, ukaisoma umesimama mlangoni mwa kliniki, ukaikunja na kumwambia hakuna jibu. Alipokwenda tena katika Mfungo Tatu, mwezi wa hija, ulimwambia hivyo hivyo.

Hakuna haja ya jibu. Naandika kukujulisha kuwa sasa nalala zaidi kuliko kukaa macho, na miguu imejaa maji. Nimemwambia Protus nikifa asiwaite wale wa khitma. Akauliza, "Sasa mzee, nikuzike na nani, mimi Mkatoliki?" Nikamwambia atajua. Alinuna kutwa nzima.

Sikumbuki kama nilikupongeza kwa ndoa ya Yassir.

Shaame


Riyadh, 21 Oktoba 2018

Kwa Mzee Shaame,

Mama hajambo. Yassir na mkewe hawajambo, na mke ana mimba. Mama sasa anamsifu kila Ijumaa mpaka nachoka.

Siku niliyopata barua yako nilirudi ndani nikafanya kazi kama kawaida. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani nilitupa sindano nikalia. Aliyefuata kwenye foleni alisema nyanya, nami nikamwandika wa bara, nikaita mwengine. Usiku ndipo nilipotapika, kama wewe. Sipendi kufanana na wewe hata kwa hilo.

Kesho yake nikaanza kusema wote ni wa pwani. Nyanya, wa pwani. Kitunguu kwa jina lolote, wa pwani. Ilikwenda hivyo kwa muda, mpaka madam mmoja alipokuta rozari chini ya mto. Bwana Misfer alikuja kliniki akaniuliza mbele ya watu kama nimekuwa kiziwi. Nikamwambia ndiyo, kwetu ni ugonjwa wa ukoo. Akasema, "Halas." Yamekwisha: ikama mafi, hakuna tena. Nasafiri mwisho wa Novemba.

Kabla ya hapo nilimwomba Protus anipeleke kule bwenini. Ni nyumba ya kawaida, madirisha yamepakwa rangi, viatu vya wasichana vimejaa mlangoni vyote vya namna moja. Nyambura yupo mpaka leo, amekonda, hakuna aliyemtaka. Aliponiona hakusimama. Akaniuliza, "Wewe si ndiye yule wa nyanya?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, na la kwanza lilikuwa lako. Nikasema ni mimi. Akanitukana kwa Kikuyu, kwa muda mrefu, na wenzake wakacheka, na mimi nikasimama pale mpaka alipomaliza. Kisha akaniomba simu azungumze na mtoto wake. Sasa nakwenda kila Jumamosi na simu. Hajaniambia ahsante na sitaki aniambie. Protus amepata habari za mtu wa ubalozi wao anayeweza kumtoa, tunamfuatilia.

Barua yako nilimsomea mama kwenye simu, yote, pamoja na chaki. Nilifikiri atapiga yowe. Aliuliza tu, "Walimpeleka wapi?" Nikapekua kurasa zako mbele na nyuma. Umeandika habari ya pua zenu. Umeandika habari ya muhuri na shati lako jeupe. Umefika kwenye mlango wa nyuma, ukaruka moja kwa moja mpaka Mombasa.

Unajua. Mtu anayegonga meza siku nyingi anajua mlango wa nyuma unatokea wapi. Mama amekaa eda ya mtu aliyezama, hakuolewa tena, na kila mwaka humwaga maji baharini kwa jina lake. Ana miaka sabini na tisa na anataka kujua ni ardhi gani atakayoisomea.

Protus anaondoka kesho na atakusomea barua hii kwa kelele kama macho yamechoka. Mimi nimekata tiketi ya basi la Alhamisi. Nitakuogesha na nitakubadilishia shuka, maana hiyo ni kazi yangu na naijua. Sitakula nawe. Wala usiniombe msamaha, sina, na kama ninao si wangu kuutoa. Nitakaa mbele yako na kalamu, nawe utasema jina la mahali. Kiunguja au Kipemba, kwa ulimi wowote uliobaki nao.

Naomba kitu kimoja tu, ami. Usife kabla ya Alhamisi.

Mwatime